Kuna Mtu Kaamka

Kazi yangu ni kupamba nyumba za watu.
Nawauzia asubuhi kwa mita mraba,
ukijani wa majani kwa kopo la lita tano,
na wakishalipa nawaambia: haya, bustani imeingia.

Kwa baba sikutoza hata senti.
Wincenty Sawoń, bwana misitu miaka arobaini na mmoja;
goti limemsaliti, nyumba ya mbao kapewa mwingine,
naye kaletwa Białystok, ghorofa ya nne,
kwenye dirisha linalotazama dirisha.

Nikajituma.
Ukuta wa kaskazini nikaupaka rangi ya msonobari.
Pazia zito nikaling'oa, nikatundika la kitani,
ili mwanga wa Januari, huo mchache,
usilazimike kupiga hodi mara mbili.
Kuvumwani kavu ndani ya fremu. Mawe ya mto kwenye sinia.
Na pembeni, toka sakafuni hadi darini,
magogo ya betula, gome jeupe lenye vijicho vyeusi,
nimeyapanga kama vitabu
ambavyo hakuna atakayevisoma.

"Je?"
Akavuta hewa puani, taratibu, kama anayeonja mchuzi.
"Pazuri," akasema.
Mpishi akisifiwa kwa sauti ile
hurudi jikoni kuangalia chumvi.

Baadaye, akikoroga chai:
"Haunuki uozo.
Msitu usiooza, Bogna, ni fanicha."

Niliudhika, sitaficha.
Nikakunja futi kamba, nikabeba ngazi yangu,
chai nikaiacha ipoe yenyewe.

Siku ya tisa akanipigia simu, yeye asiyepiga simu.
"Njoo. Kuna mtu kaamka."

Kipepeo.
Mwekundu wa kutu, macho manne ya buluu mabawani,
kwenye kitani changu anatetemeka
kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake.
Alikuwa kalala kwenye magogo tangu Septemba,
mabomba ya joto yakamnong'oneza kuwa ni Aprili,
naye, maskini, akasadiki.
Nje, digrii kumi na nane chini ya sifuri.
Hakuna ua hata moja mpaka mpaka wa Lithuania.

Mimi mbio jikoni: sukari, maji, kijiko.
Baba akanizuia kwa kidole.
"Hana njaa huyu. Ana joto.
Mpe ulichomnyang'anya. Mpe baridi."

Na mikono ile iliyozoea msumeno
ikamchukua kama mtu anavyolichukua neno
lililo kwenye ncha ya ulimi, lisipotee;
ikamtia kwenye kisanduku cha kibiriti,
kitundu kimoja cha sindano.
Lifti mbovu.
Vidato sabini na viwili, goti likilalamika kwa kila kimoja,
hadi stoo ya chini kabisa,
kati ya viazi na mitungi ya kabichi chachu,
penye giza linalonuka udongo.

Pale akavuta hewa puani.
Safari hii hakusema kitu. Akakaa juu ya gunia.
Nikamsubiri mpaka miguu yangu ikafa ganzi.

Tangu siku hiyo hushuka kila asubuhi.
Halszka wa ghorofa ya pili humwekea kigoda njiani,
nasikia siku hizi na kahawa pia.
Mimi fremu ya kuvumwani nimeitoa. Rangi nimeiacha.
Wateja bado nawauzia asubuhi kwa mita mraba,
maana tumbo halina likizo,
ila kabla sijapima ukuta huwa nauliza:
"Na chini, kuna stoo?"
Wananitazama.

Leo ni tarehe kumi na mbili Machi.
Theluji inachuruzika kwenye kingo za paa, tone, tone,
sauti ya kumdanganya yeyote.
Baba kakiweka kisanduku sikioni.
"Bado," anakiambia. "Lala.
Nitakuita."